Njia Iliyochuja Manukato: Udi, Waridi na Nta katika Historia ya Tabora

Mwaka 1858 Musa Mzuri alirudi Kazeh akitokea Karagwe, alikokuwa amekaa muda mrefu kwa biashara ya pembe. Alikuwa Khoja wa Surat. Yeye na nduguye waliingia Unyamwezi yapata mwaka 1825, kabla Waarabu wa Oman hawajaujenga Kazeh, mji tunaouita leo Tabora. Richard Burton, Mwingereza aliyekuwa amerudi Kazeh baada ya kufika Ujiji, alimwandika kwa heshima ambayo hakuwapa wengi: mtu wa maneno machache, kofia nyeupe safi, makubadhi yaliyomkaa vyema, na mwilini harufu ya asumini na sandali.

Msomaji anaweza kuyapita maneno hayo bila kusimama. Mimi yamenishika. Sandali ni mti wa kusini mwa India, na mafuta ya asumini ya siku zile yalitoka India vilevile. Ili vinukie katika ua wa nyumba ya udongo katikati ya msitu wa miombo, vilipaswa kuvuka bahari hadi Unguja, kuvuka tena hadi mrima, kisha kubebwa begani kwa zaidi ya kilomita 700. Burton mwenyewe aliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857, akafika Kazeh tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne, mtu wa maradhi na mapumziko ya kila mara. Misafara iliyozoea njia ilikwenda kwa kasi kuliko hiyo, lakini hakuna aliyeifupisha ikawa safari ndogo.

Historia ya njia hii imeandikwa kwa pembe, kwa vitambaa na kwa watumwa, na hivyo ndivyo ilivyopasa iandikwe. Lakini ndani ya masanduku ya wenye mali kulikuwa na vifurushi vidogo ambavyo havikuhesabiwa na wapelelezi wa Ulaya, kwa kuwa havikuuzwa kwa machifu wala kutozwa hongo Ugogo. Ndivyo vilivyopandisha bara mchanganyiko wa harufu uliokuwa wa zamani kuliko miji yote ya njiani, na bara lenyewe likaugeuza.

Mchanganyiko huo unajulikana kwa kila aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili. Chini kabisa kuna udi. Udi hautoki kwenye mti wenye afya. Mti wa jamii ya Aquilaria, unaoota Assam, Kambodia na visiwa vya mashariki, ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya mbao zake nyeupe, na utomvu huo ndio unaonukia ukiguswa na kaa la moto. Juu ya udi kuna waridi, ama maji yake ama mafuta yake. Sandali huviunganisha viwili hivyo, maana harufu yake ni ya upole na haigombani na jirani. Ambari, inayotoka tumboni mwa nyangumi na kuelea baharini miaka hadi ikapoteza uvundo, huirefusha harufu nzima ikadumu nguoni. Kisha huja kitu cha mnyama: miski ya paa wa milima ya Asia, au zabadi inayokwanguliwa kwenye tezi ya fungo. Zabadi peke yake inakera pua. Chembe yake ndani ya waridi hulifanya waridi lionekane limechumwa sasa hivi.

Fundi wa manukato hahesabu viungo. Anachotafuta ni pale ambapo pua haiwezi tena kusema hapa udi umeisha na hapa waridi limeanza. Mchanganyiko ukifika hapo unakuwa harufu moja mpya, na kila mji wa Bahari ya Hindi ulikuwa na namna yake ya kufika. Maskati walipendelea maji ya waridi ya Jebel Akhdar na zafarani. Kannauj, huko India, waliyachuja maua kwa mvuke moja kwa moja ndani ya mafuta ya sandali, hivyo waridi na mti vikazaliwa pamoja. Unguja, Mombasa na Lamu walizidisha maua mabichi: kikuba cha asumini, rehani, mkadi na waridi kifuani, kilua nyweleni, tibu na dalia mwilini, na nguo zikafukizwa udi uliopikwa na sukari. Salme binti Said, aliyezaliwa 1844 katika jumba la Mtoni na baadaye kuitwa Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake za 1886 jinsi wanawake wa jumba la Sultani walivyofukiza mavazi na vitanda, na jinsi maua yalivyotawanywa penye malazi. Anaandika akiwa Ujerumani, na kurasa hizo zina uchungu wa mtu ambaye pua yake bado iko nyumbani.

Pwani haikuwa mnunuzi tu katika biashara hii. Al-Masudi, aliyesafiri bahari ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliitaja ambari ya pwani hii miongoni mwa zilizo bora duniani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kwa tambuu, popoo na maji ya waridi ya Damascus, aliyomwagiwa yeye na kadhi. Kabla ya Kazeh kuwapo kwa karne tano, mgeni wa heshima katika miji ya Waswahili alikuwa tayari anatiwa marashi mlangoni.

Basi, nini kilitokea mchanganyiko huu ulipopelekwa bara?

Njia iliuchuja. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Bega hilo lilikuwa ghali. Lilijazwa merikani na kaniki, shanga na masango ya shaba nyeupe na nyekundu, kwa sababu hizo ndizo zilizonunua chakula na pembe. Manukato yalipata nafasi katika sanduku la mwenye msafara, na yalipaswa kuwa madogo na ya thamani: udi na mafuta hupimwa kwa tola, ambayo ni gramu 11 na kitu. Maji ya waridi ni maji kwa sehemu kubwa, na chupa ni kioo. Kikuba hunyauka kabla ya jua la pili. Harufu nyepesi za maua huruka zenyewe katika joto la Ugogo, na baada ya Ugogo kulikuwa na Mgunda Mkali, mbuga ndefu yenye visima haba, ambako msafara ulikimbia na hakuna aliyekuwa na muda wa kukagua kizibo cha chupa.

Vilivyofika salama ni vile vizito: mbao, utomvu, miski, ambari, na mafuta mazito. Asumini ya Musa Mzuri iliweza kufika kwa sababu Wahindi walikuwa na hekima ya kutandika maua mabichi juu ya ufuta, tabaka juu ya tabaka, hadi punje zikanywa harufu, ndipo wakazikamua. Mafuta hayo huishikilia asumini kuliko maji yoyote. Mtu akijipaka manukato asubuhi, yale mepesi humwacha mapema, ya maua hudumu hadi adhuhuri, na jioni hubaki udi na ambari peke yake. Njia ya Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji wa Kazeh, ilifanya kwa miezi yale ambayo ngozi hufanya kwa siku moja. Kwa hiyo naamini kwamba nyumba ya Kazeh ilinukia tofauti na nyumba ya Unguja hata pale mwenye nyumba alipojitahidi kufananisha kila kitu. Ilinukia jioni ya manukato ya pwani: moshi, mti, mnyama, na waridi kwa mbali.

Na wenye nyumba walijitahidi kweli. Burton aliwakuta Waarabu wa Unyanyembe wakiishi kwa raha, katika tembe kubwa za kujihami zenye bustani, wakiletewa bidhaa na anasa kutoka pwani. Mwenyeji wake mkuu, Snay bin Amir wa kabila la Harthi, alikuwa na asili inayonifurahisha sana: kabla ya kuwa tajiri wa pembe na watumwa alikuwa mpika halua Maskati. Halua ya Maskati ni samli, sukari, wanga, iliki, zafarani na maji ya waridi, na sufuria yake husongwa kwa saa nyingi bila kupumzika. Mtu aliyesimama ujanani mwake juu ya mvuke wa namna ile alikuwa na pua iliyosoma. Aliuawa vitani miaka michache baada ya Burton kuondoka.

Lazima niseme pia ni nani aliyeshika chetezo. Utajiri ulionunua tola ya udi Kazeh ulitokana na meno ya tembo na watu waliouzwa. Ndani ya zile tembe, aliyepuliza makaa, aliyefukiza kanzu, aliyesaga sandali juu ya jiwe na kuchanganya liwa, mara nyingi alikuwa mwanamke aliyetekwa Manyema au kando ya Ziwa Tanganyika. Majina yao hayakuandikwa. Lakini ustadi hukaa mikononi mwa anayeutenda, si mwa anayeumiliki, na ndiyo sababu kufukiza udi hakukuondoka Tabora Waarabu walipopoteza nguvu. Kulikuwa kumeshaingia katika mikono ya Wamanyema, Wanyamwezi na Waswahili wa mji, na kukawa kwao.

Ndoa nazo zilifanya kazi yake. Muhammed bin Juma, babaye Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa hiyo ilimpa heshima kubwa katika nchi. Historia huitaja ndoa hiyo kama mkataba wa siasa na biashara. Ilikuwa hivyo. Lakini binti wa mtemi hakuingia katika nyumba ya Mwarabu akiwa mikono mitupu ya desturi: nyumba kama hiyo ilikuwa mahali ambapo adabu mbili za mwili, za usafi na za kupamba, zilikutana kila siku chini ya paa moja.

Halafu njia ikafungwa. Mirambo wa Urambo, aliyetaka ushuru na haki yake katika biashara iliyopita nchini mwake, alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871. Mwezi wa Agosti mwaka huo Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu hao, aliuawa, na Stanley, aliyekuwa Kwihara akimtafuta Livingstone, ilimbidi azungukie kusini kwenda Ujiji. Kwa miaka kadhaa misafara ilichelewa na kupungua, na bidhaa za pwani zikawa adimu. Mwaka uliofuata, Aprili 1872, kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa imesimama kwa sehemu kubwa. Mambo haya mawili hayahusiani kwa sababu, ila yaliukuta mchanganyiko wetu kwenye ncha zake mbili.

Karafuu inanipeleka Ulaya, nami nitakaa huko kidogo, kwa sababu huko ndiko mchanganyiko huu ulikopata mtoto wake mashuhuri kuliko wote, na mtoto huyo alinyonya Unguja. Mafundi wa Paris waliipenda ambari ya nyangumi lakini haikutosha. Wakaunda mbadala wa joto lile kwa utomvu wa labdani kutoka vichaka vya Bahari ya Kati, benzoini ya Sumatra na Siam, na vanila. Vanila ya kweli nayo ilikuwa ghali. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walitengeneza vanilini kwa mara ya kwanza, wakianza na kitu kilichomo katika misonobari. Baadaye wakemia wakapata njia rahisi zaidi: eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, iliweza kugeuzwa kuwa vanilini. Kwa miongo kadhaa karafuu ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha vanilini ya viwandani, na Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza dunia kwa karafuu. Mwanamke wa Paris aliyejitia manukato ya namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 aliweza kabisa kuwa amebeba shingoni jasho la mchumaji karafuu wa Wete, Pemba.

Aimé Guerlain alitoa Jicky mwaka 1889, akiunganisha lavanda, vanilini na zabadi. Jacques Guerlain, mtoto wa nduguye, alitoa Shalimar, iliyozinduliwa katika maonyesho ya Paris ya 1925, akaipa ethilivanilini, ndugu mwenye nguvu zaidi wa vanilini. Kuanzia hapo familia nzima ya manukato ya Ulaya ikasimama juu ya msingi huo: utamu, utomvu, mnyama, na ua juu yake. Ukiutazama mfupa wake, ni ule ule wa chetezo. Udi umetolewa, labdani imewekwa. Ambari imetolewa, vanila imewekwa. Waridi na zabadi vimebaki. Wakemia wakaendelea kuvikamata hata vile vya mnyama. Leopold Ružička alifafanua umbo la kemikali ya zabadi na ya miski miaka ya 1920, akapewa Tuzo ya Nobel 1939. Mwaka 1950 kampuni ya Firmenich ya Geneva ilijua kutengeneza kiini cha harufu ya ambari kutokana na mmea.

Turudi Tabora, maana wakati huo huo kitu kilikuwa kinashuka njia ile ile kwenda pwani, na hakikuwa pembe.

Miombo inachanua. Mninga, mtundu, muba na jamaa zao hutoa maua madogo yasiyovutia macho lakini yenye nekta, na Unyamwezi ni mojawapo ya nchi kubwa za asali katika Afrika. Wanyamwezi walitundika mizinga ya magome na ya magogo juu ya miti tangu zamani, wakala asali, wakapika wanzuki. Nta haikuwa na soko kubwa hadi meli za mvuke na viwanda vya Ulaya vilipoitaka. Mapadre Weupe, ambao msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878 na kupita Tabora, walikuwa na sababu yao: sheria ya Kanisa ilitaka mishumaa ya altare iwe ya nta ya nyuki. Mshumaa wa Pasaka hupachikwa punje 5 za ubani kwa alama ya msalaba, hivyo nta na ubani hukutana katika kitu kimoja, na usiku wa mkesha harufu zao hupanda pamoja. Sina shaka kwamba huo nao ni mchanganyiko wa kale, wa jamaa moja na ule wa chetezo cha udi. Waliouleta Tabora walitoka upande mwingine wa dunia na wakakuta nta ikiwangoja juu ya miti.

Isike, mtemi wa mwisho wa Unyanyembe aliyewapinga Wajerumani kwa silaha, alikufa Januari 1893 katika boma lake alipokataa kushikwa akiwa hai. Chini ya watawala wapya nta ikawa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizotoka Unyamwezi kwenda nje. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na 1914 ikafika Kigoma. Safari ya miezi ikawa ya siku. Kile kichujio cha kale kikavunjika: maji ya waridi yalifika bila chupa kupasuka, manukato mepesi ya Bombay na ya Ulaya yakapangwa katika maduka ya Wahindi, na mtu wa Tabora akaweza kunukia kama mtu wa pwani ikiwa alipenda. Cha kushangaza ni kwamba udi haukupungua. Tarika ya Qadiriyya, iliyoenea kufuata miji ya njia ya misafara, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, ilikuwa imeupa makao mengine katika maulidi na dhikri, na harusi hazikuwahi kuuacha.

Nta iliyopanda gari moshi iliishia kwenye mishumaa, dawa ya viatu, na malhamu. Malhamu inastahili neno zaidi. Kanuni inayonasibishwa na Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, ni nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi, vikipigwa pamoja hadi vikawa krimu baridi ya ngozi. Karibu krimu zote za uso za kale zimetokana na hiyo. Nta na waridi, basi, zilikuwa zimeoana karne nyingi kabla ya nta ya mzinga wa kwanza wa Unyanyembe kuuzwa nje.

Ndoa hiyo ina sababu katika kemia, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, Tabora inapopata haki yake katika historia ya manukato. Harufu ya maji ya waridi hubebwa zaidi na alkoholi ya feniletili. Kemikali hiyo ikipokea oksijeni hugeuka fenilasetaldehaidi, kisha asidi ya fenilasetiki, na hizo mbili zinanukia asali. Ni ukoo mmoja. Katika miaka ya 1960 wakemia wa Firmenich walichungua mafuta ya waridi ya Bulgaria wakakuta ndani yake, kwa kiasi kidogo mno, damaskenoni, ambayo ndiyo hulipa waridi ule utamu wa tunda lililoiva. Damaskenoni imo ndani ya asali pia. Na imo ndani ya tumbaku.

Tumbaku ilifika Urambo kwa njia ya mkosi. Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947, na Urambo, makao ya Mirambo, ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Karanga zilishindwa vibaya. Katika mashamba yaliyokwisha kufyekwa ikapandwa tumbaku, na tangu miaka ya 1950 Urambo, Kaliua na Sikonge zimekuwa nchi ya tumbaku ya mvuke. Atakayepita vijiji hivyo wakati mabani yanawaka ataisikia: majani mabichi yakikauka kwa joto hutoa harufu ya nyasi kavu, ya matunda makavu, ya asali. Mafundi wa Ulaya walijenga juu ya harufu hiyo familia nyingine nzima. Ernest Daltroff wa nyumba ya Caron alitoa Tabac Blond mwaka 1919. Na wanapotaka tumbaku yao iwe na mwili, kiungo kimojawapo wanachokifikia ni kiini cha nta, kinachotolewa kwa kuiosha nta ghafi kwa spiriti na kuivukiza spiriti ile. Kinachobaki ni uji mzito wa rangi ya kahawia unaonukia asali, nyasi kavu na tumbaku.

Yaani misitu ile ile, wilaya zile zile, zina viungo viwili vya mchanganyiko mashuhuri, na vyote viwili ni jamaa wa waridi. Lakini vimewekwa kugombana. Bani moja hula kuni nyingi, kuni hizo ni miombo, na miombo ikiondoka nyuki huondoka. Mfugaji nyuki na mkulima wa tumbaku mara nyingi ni mtu mmoja, au ni kaka na dada, na msitu unaopotea ni wa wote wawili. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika historia hii, kwa sababu halikuletwa na jangwa wala vita. Limeletwa na bei.

Mwaka 2002 nyumba ya Yves Saint Laurent ilitoa manukato ya M7, yaliyoingiza udi katika maduka ya Ulaya kwa sauti kubwa. Baada yake kila nyumba ikataka udi na waridi, na leo chupa za namna hiyo zinauzwa London na Dubai kwa maelfu ya aina, nyingi zikiwa na udi wa maabara. Miti ya Aquilaria imelindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, uliosakwa kwa pupa kuziba pengo la sandali ya India, uliingizwa chini ya ulinzi huo huo mwaka 2013. Katika Tabora kwenyewe udi unauzwa kwa vipakiti vidogo, mwingi ukiwa unga wa mbao uliotiwa mafuta ya kiwandani, na harusi zinafukizwa nao bila aibu. Makaa yanayouchoma ni ya miombo. Pua yangu inasema makaa hayo yana sehemu yao katika harufu inayotoka, ukavu fulani ambao chetezo cha Unguja, chenye makaa ya miti mingine, hakina.

Nta ya Tabora bado inaondoka kama mabonge ya njano, imechujwa na kugandishwa, basi. Mji una chuo cha nyuki, na wafugaji wake walikuwa na ushirika tangu siku za mwanzo za uhuru. Kiini kinatolewa ng'ambo, katika viwanda vya Grasse, Ufaransa, na kwingineko, na thamani inaongezeka huko. Vifaa vya kazi hiyo si vya ajabu: spiriti safi, ambayo Tanzania inaweza kuitoa kwenye molasi za viwanda vyake vya sukari, mtambo wa kuivukiza na kuirudisha, pampu ya kunyonya hewa ili joto lisiunguze harufu, na mtu anayejua, akinusa, kwamba sasa imetosha. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kumpata mahali pengi. Katika mitaa ya Tabora, Ng'ambo, Gongoni na Isevya, yupo, na ndiye anayeitwa kila inapopikwa sukari ya udi wa harusi, asimame juu ya sufuria na kuamua waridi liingie lini.